Bangili Iliyobaki Mkobani

Bangili ilikuwa ndani ya mkoba wa Ardith, imeviringishwa kwenye leso, wakati ilitakiwa kuwa mkononi mwa mumewe. Kila alipofungua mkoba kutafuta tiketi au miwani, vidole vyake viliigusa, naye alivitoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Nimesali benchi moja na Ardith Hoekstra kwa miaka mingi, kanisani kwetu Halder, Iowa, na ninamjua kuwa mwanamke asiyeficha jambo. Mumewe Verlyn huketi upande wa dirishani, na mchungaji akifungua tu mahubiri, yeye hutoa peremende nyeupe mfukoni na kuzipitisha benchi zima, kila mtu moja. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mahubiri ni marefu, na peremende humsaidia mtu kuvumilia.

Bangili ile ililetwa na mtoto wao, Darrin, majira ya mavuno. Verlyn alikuwa ametoka asubuhi kwenda kununua chumvi ya ng'ombe. Jioni akakutwa kaunti nyingine, petroli imemwishia, ametulia ndani ya gari akisikiliza bei za nguruwe redioni. Darrin akamnyang'anya funguo za gari. Kisha akaagiza bangili ya chuma, imechorwa jina la baba yake na namba ya simu yake mwenyewe Darrin, akaja kumvisha mwenyewe mezani.

Verlyn aliigeuza huku na huku. "Hii unamvisha nani?"

"Wewe, baba."

"Nimewavisha ndama hereni za masikioni tangu sijaota ndevu. Ndama ndiye hajui kwao. Mimi nimezaliwa kwenye chumba kile pale."

"Baba, ulikutwa kaunti ya watu."

"Nilikuwa naangalia mahindi yao. Mabaya sana."

Ardith alicheka, Darrin hakucheka. Alipokuwa anaondoka alimwita mama yake nje, kwenye upepo, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nendeni Chicago kama kila mwaka, siwezi kuwazuia. Lakini akipotea tena, mama, hata kwa saa moja, mwezi wa kwanza anakwenda nyumba ya wazee. Nimeshaongea nao. Chumba kipo."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa unamtembelea."

Ardith hakulala vizuri tangu siku hiyo. Hajawahi kulala nyumbani huku Verlyn amelala nyumba nyingine, isipokuwa siku alizojifungua Darrin. Na Chicago kwao haikuwa matembezi tu. Walifunga ndoa majira ya baridi, maana majira mengine shamba halimpi mtu nafasi ya kuoa, wakaenda Chicago fungate. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya Krismasi, wanamwachia jirani ng'ombe na kwenda kuona yale yale: mti mkubwa wa Krismasi katikati ya ukumbi wa chakula wa lile duka la ghorofa nyingi, ziwa lililoganda, na ile nyumba ya vioo ya upande wa magharibi ambamo migomba na minazi huota huku nje theluji inaanguka.

Safari hii walipanda basi. Siku ya kwanza Verlyn alikuwa Verlyn yule yule. Chini ya ule mti alikumbuka meza waliyokalia fungate, akakumbuka hata mhudumu aliyemmwagia Ardith supu mapajani.

"Ulilia," alisema.

"Supu ilikuwa ya moto."

"Ulilia kwa sababu ya gauni."

Ilikuwa kweli. Ardith alimtazama akitafuna, akajisemea moyoni kwamba Darrin anazidisha mambo, vijana wanaogopa uzee kuliko wazee wenyewe.

Kesho yake asubuhi, hotelini, Verlyn aliketi kitandani akiivuta bangili mpaka ngozi ikawa nyekundu. "Watu wananitazama mkono," alisema. "Yule wa kwenye lifti alisoma."

"Hakusoma."

"Alisoma, Ardith. Akaanza kuongea na mimi polepole."

Hapo ndipo Ardith alipoifungua. Alijiambia ni kwa leo tu, atamrudishia jioni. Akaiviringisha kwenye leso, wakashuka kunywa kahawa, wakaenda kupanda treni inayopita juu ya barabara kuelekea kwenye nyumba ya vioo.

Baridi ya siku hiyo ilikuwa ile inayofanya pua ishikamane kwa ndani ukivuta pumzi. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha wa juzi, na mabomba ya majengo yalitoa moshi mweupe ulionyooka. Ndani ya treni kulikuwa na joto, na Verlyn alikaa karibu na mlango akitazama mapaa ya nyumba. Kituo kimoja kabla ya kile chao, msichana mmoja alikuwa anahangaika kushusha kigari cha mtoto. Verlyn aliinuka. Hajawahi katika maisha yake kumwona mwanamke anainua kitu kizito akabaki ameketi. Alishika magurudumu ya mbele, akashuka naye kinyumenyume, akakiweka kigari chini, akavua kofia kumuaga yule msichana.

Milango ikafungwa.

Ardith alimwona kupitia kioo, ameshika kofia, anatabasamu. Hakuonekana kumtafuta mtu. Treni ikaondoka.

Aligonga kioo. Mwanamume aliyeketi mbele yake alisema, "Haifunguki hiyo, mama. Shuka kituo kinachofuata urudi." Ardith alishuka, akapanda ngazi akashuka ngazi, akasimama upande wa pili kusubiri treni ya kurudi, huku upepo ukipenya koti lake kana kwamba hakuvaa kitu. Aliporudi kwenye kile kituo, jukwaa lilikuwa tupu.

Mhudumu wa kituo, mzee mnene mwenye skafu shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ana ugonjwa wa kusahau?"

"Anasahau kidogo."

"Ana simu? Ana kitu chochote chenye jina?"

Ardith alibana mkoba kwapani. "Hana."

"Basi niwaite polisi, mama. Baridi hii haina kidogo."

Ardith alifungua mdomo kusema ndiyo. Kisha akaona yote yanayofuata: polisi watauliza ndugu wa karibu ni nani, watampigia Darrin, na kile chumba kipo. "Ngoja kwanza," alisema. "Labda yuko hapo chini tu. Hana mwendo wa haraka."

"Ni wewe unayesema," alisema yule mzee, lakini hakuondoa mkono wake juu ya simu.

Ardith alishuka mtaani. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Nyumba za matofali mekundu zilijipanga pande zote mbili, na magari yalizama kwenye theluji mpaka madirishani. Hapa na pale, mahali mtu alipochimba na kusafisha nafasi ya gari lake, palikuwa na kiti cha jikoni, au ubao wa kupigia pasi, au ndoo mbili zilizolazwa ufagio juu yake. Watu wa Chicago ndivyo wanavyofanya. Aliyechimba anaweka kiti, na kiti kikishawekwa, nafasi ile ni yake mpaka theluji iyeyuke. Wameshapigana ngumi kwa ajili ya viti vile. Ardith alivipita bila kuvitazama, macho yake yakitafuta koti la kahawia.

Simu ikalia. Aliitoa akidhani, sijui alidhani nini, maana Verlyn hana simu. Ilikuwa Darrin.

Aliiangalia ikilia. Akipokea, swali la kwanza litakuwa, baba yuko wapi. Akairudisha mkobani ikilia hivyo hivyo, juu ya ile leso.

Akatembea. Alimwuliza mwanamke aliyekuwa anamwaga chumvi kwenye ngazi, akamwuliza kijana wa posta. Hakuna aliyemwona mzee. Alijaribu kuomba, akasema Baba yetu uliye mbinguni, lakini hakuweza kufika kwenye mkate wa kila siku, kila mara alirudi mwanzo. Vidole vya miguu viliacha kuuma, na yeye ni mtu wa shamba, anajua maana yake. Kama vyake vimeacha kuuma, vya Verlyn je, aliyetoka na viatu vya kanisani kwa sababu alitaka kupendeza?

Simu ililia tena. Hakuitoa.

Wazo likamjia kwamba Verlyn angeweza kufuata njia ya treni kwa miguu mpaka kwenye nyumba ya vioo, kwa kuwa ndiko walikokuwa wanakwenda. Akashika njia hiyo karibu mbio, akishikilia uzio mahali palipoteleza. Alipoingia mle ndani miwani yake ikafunikwa na mvuke, akawa haoni. Aliifuta kwa ncha ya skafu. Migomba ilikuwa pale pale, minazi ilikuwa pale pale, maji yakidondoka kwenye majani. Wazee wawili walikuwa wameketi kwenye benchi wakila machungwa. Mmoja alivaa koti la kahawia, na Ardith alimfikia na kumshika bega kabla hajaona kwamba si yeye.

"Samahani," alisema.

"Bila samahani, mama. Umepoteza mtu?"

Ardith aliketi pembeni yao. Kwa mara ya kwanza tangu milango ifungwe alijiuliza waziwazi: anamtafuta Verlyn, au anatafuta namna ya Darrin kutojua? Kuna mzee mwenye skafu amekaa kule kituoni na mkono juu ya simu, tangu muda ule. Angemwacha apige, Verlyn angeshapatikana. Au angeshaanza kutafutwa na watu wenye magari.

Simu ililia mara ya tatu. Aliipokea kabla mlio haujakata.

"Darrin, usiseme kitu kwanza. Nimempoteza baba yako. Bangili ninayo mimi. Nilimvua asubuhi."

Upande wa pili alisikia mbwa wao akibweka, mbwa wa nyumbani.

"Mama, kwa nini hupokei simu? Ninakupigia tangu muda gani."

"Niliogopa."

"Baba amepatikana. Yuko kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Hata mimi sikuelewa. Nilikuja kwenu kulisha mbwa, simu ya ukutani ikalia. Mama mmoja wa huko Chicago anasema baba amekaa kwenye kiti chake barabarani na hataki kuinuka. Anasema anakusubiri wewe. Wamembembeleza, hataki. Midomo imeshabadilika rangi, mama. Wamemfunika blanketi, lakini haondoki." Alitaja jina la mtaa, akarudia. "Uko mbali?"

Wale wazee wa machungwa walikuwa wamesikia. "Ni karibu na kituo," mmoja alisema. "Toka mlango huu wa nyuma, utapunguza njia." Ardith alisema asante akiwa ameshafika mlangoni.

Aliupita ule mtaa mara ya kwanza alipotoka kituoni. Alikuwa ameukata juu, kwenye kona, bila kuugeukia. Safari hii aliona kutoka mbali gari jekundu limesimama katikati ya njia, taa zinawaka na kuzima, na nyuma yake magari mengine mawili yakipiga honi. Kando ya gari, kwenye nafasi iliyochimbwa vizuri mpaka lami ikaonekana, palikuwa na kiti cha jikoni cha njano, na juu ya kiti alikuwa Verlyn. Alivishwa kofia ya sufu ya waridi. Mabegani alikuwa na blanketi, na mbele yake, amechuchumaa na kumsugua mikono, alikuwa mwanamke mkubwa mweusi aliyevaa sare ya hospitali chini ya koti.

Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani. "Rochelle, kiti chako siku hizi kinaota wazee?"

"Zunguka nyuma, Otis, kabla sijakuotesha wewe."

Ardith alifika akiwa hana pumzi. Verlyn alimtazama. Midomo yake ilikuwa ya buluu na maneno yalitoka kwa shida.

"Umechelewa, Ardith."

"Nimechelewa. Inuka sasa."

Akainuka. Yaani aliinuka pale pale, kama mtu aliyeambiwa chakula kiko mezani. Wale wanawake wawili wakamshika kila mmoja upande wake.

"Wewe ndiye Ardith," alisema yule mwanamke. "Mshukuru Mungu, dada yangu, maana mimi mzee huyu alikuwa ameshanishinda. Namwambia aingie ndani ya gari kuna joto, ananiambia hapandi gari la mwanamke ambaye hajatambulishwa kwake."

Walimpandisha ngazi mpaka jikoni kwa Rochelle Pettway, ndilo jina lake. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, anahudumia wagonjwa, na alikuwa anakuja kuegesha gari alale. Alimvua Verlyn viatu, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akamtumbukiza miguu, akavikagua vidole kimoja kimoja bila haraka. Ardith alisimama ameshika kofia ya waridi, akimtazama uso, si vidole.

"Vitapona," Rochelle alisema mwishoni. "Vitamuuma leo, na kuuma ni vizuri. Lakini sikufichi, dada. Angekaa pale muda kidogo zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

Ardith alijua ni muda gani huo. Ulikuwa muda wa zile simu mbili alizoziacha zilie.

"Alifikaje kwenye kiti?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe. Mimi nafika, namkuta kwenye nafasi yangu niliyochimba mpaka mgongo ukalia. Nikafungua dirisha nikamfokea. Nikasema, mzee, hicho si kiti cha kukalia. Akanijibu, 'Sasa kiti kisichokaliwa ni cha nini?'"

"Kiliwekwa pale," alisema Verlyn kutoka kwenye beseni. "Kwetu ukiona kiti nje, mwenye nyumba anakukaribisha."

"Umesikia? Nikaendelea kumfokea. Akaingiza mkono mfukoni, nikasema leo nimepatikana. Akatoa peremende, akanipa." Rochelle alitingisha kichwa. "Mtu unamfokea anakupa peremende."

Ardith alicheka, kisha akajikuta analia, akashindwa kueleza. Kwa Verlyn sauti ile ilikuwa ya mahubiri, na mahubiri yakianza, unampa jirani yako peremende. Alichofanya ndicho alichofanya kila Jumapili.

"Namba ya nyumbani uliipataje?"

"Nilimwuliza ya mke, hajui. Ya mtoto, hajui. Nikasema, nyumbani kwako je? Akaitaja bila kufikiri, kama unavyotaja jina lako."

Rochelle aliwapikia uji mzito wa mahindi wenye siagi na yai juu. Verlyn aliuonja, akauliza kama kwa Rochelle pia kuku ndio wanaokula mahindi hayo, Rochelle akamwambia kuku wake wanakula wakishukuru. Basi akala wote. Rangi ilianza kumrudia. Ardith ndipo alipofungua mkoba, akatoa leso, akaiviringua mezani.

Verlyn aliiona. "Mimi si ndama."

Ardith aliiacha pale mezani. Asubuhi alikuwa amekubaliana naye.

Rochelle alishika kitambulisho chake cha kazini, kilichoning'inia shingoni kwa utepe, chenye picha na jina, akakiinua. "Nami nimevaa changu, baba. Kazini nisipokivaa hawanifungulii mlango."

Verlyn alikitazama sana. Akasoma jina herufi kwa herufi. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, karibu na bakuli, na Ardith akamfunga.

Darrin aliendesha gari siku ile ile, akafika Chicago jioni. Ardith anasema alikuwa ameshatayarisha maneno ya kujitetea njia nzima ya kurudi hotelini, na mtoto alipoingia mlangoni na theluji kwenye viatu, yakamtoka mengine. "Siwezi peke yangu," alimwambia. "Nilikaa nikiogopa kile chumba mpaka nikakaribia kumwua baba yako." Darrin alivua kofia akaketi kitandani, pale Verlyn alipoketi asubuhi. Hakumlaumu. Ardith anasema laiti angemlaumu.

Kesho yake, kabla hawajaanza safari, Verlyn alitaka kuona nyumba ya vioo, kwa kuwa yeye hakuifikia. Wakaenda wote watatu. Alisimama chini ya mgomba na mikono nyuma, akamweleza Darrin jinsi unavyojua ndizi imekomaa, jambo asilolijua hata kidogo, na Darrin akamsikiliza mpaka mwisho.

Mwezi wa kwanza Verlyn alihamia nyumba ya wazee, ile iliyo nyuma ya kanisa letu. Siku aliyompeleka, Ardith alibeba kutoka nyumbani kiti kimoja cha jikoni, akakiweka kati ya kitanda na dirisha. Muuguzi alimwambia kwa upole, "Mama Hoekstra, viti tunavyo hapa."

"Najua, binti yangu. Hiki ni changu."

"Usiku tukisafisha tutakitoa nje."

"Msikitoe," alisema Ardith. Hakupandisha sauti, lakini muuguzi aliacha ndoo akamtazama. "Nimechimba nafasi hii miaka mingi. Mkitaka kusafisha, safisheni kukizunguka."

Nilikuwa hapo, nimeleta mkate. Verlyn aliketi kitandani na bangili mkononi, akaingiza mkono mfukoni, akatugawia peremende, mimi moja, muuguzi moja. Kisha akampa Ardith. Kiti kile kipo mpaka leo, na asubuhi nikipita kwenda kuwasalimia, aghalabu namkuta ameshakikalia.